Spidi huchoma, fidi huvunja, kina hupinda: kusoma dalili kwenye milingi ya mkono

Fundi anayeanza milingi (kukata chuma kwa kisu kinachozunguka huku meza ikisogeza kipande) akisikia kisu kinalia, mkono wake hukimbilia sehemu moja: gurudumu la meza. Anapunguza mwendo. Kilio kikizidi, anapunguza tena. Mwishowe kisu kinasugua chuma badala ya kukikata, makali yanapata moto na kufa, na endimili (kisu cha milingi chenye umbo kama la drili) iliyonunuliwa asubuhi haifiki alasiri. Nimewaona vijana wenye bidii na mikono mizuri wakipoteza visu hivyo mmoja baada ya mwingine, na inaniuma, maana kwa karakana ndogo endimili nzuri si kitu cha kununua kila siku. Kosa lao si uzembe. Wanatibu ugonjwa mmoja kwa dawa ya mwingine.

Mimi huwafundisha hivi: spidi huchoma, fidi huvunja, kina hupinda. Spidi ni kasi ya makali kupita juu ya chuma, na matokeo yake makubwa ni joto. Fidi ni kiasi ambacho kila jino linapewa kula, na uzito wake unaangukia jino. Kina ni sehemu ya kisu iliyozama ndani ya chuma, na mzigo wake unabebwa na mwili wote: kisu, koleti inayokishika, vaisi inayobana kipande, meza, hadi mguu wa mashine. Makali yakiungua, shuku spidi kwanza. Jino likimeguka, shuku fidi. Kisu kikipinda au mashine ikitetemeka, shuku kina na namna ulivyobana. Zipo dalili zenye wazazi wawili, nitazitaja, lakini ukianza na mpangilio huu hutatangatanga.

Kabla ya dalili, jua uko wapi

Huwezi kusema spidi ni kubwa au ndogo kama hujui ni ngapi. Hesabu ni nyepesi: zidisha 318 kwa spidi ya kukata katika mita kwa dakika, kisha gawa kwa kipenyo cha kisu katika milimita. Jibu ni mizunguko ya spindeli, yaani mhimili unaozungusha kisu, kwa dakika.

Chukua kazi inayoingia karakana zetu kila wiki: shafti ya mashine ya kusaga, kipenyo milimita 28, inayotaka mfereji wa kabari (wa kukalia kabari inayofunga shafti na puli) wenye upana wa milimita 8 na kina cha milimita 4. Chuma ni laini cha kawaida, endimili ni ya haispidi (chuma cha visu kinachovumilia joto), milimita 8, meno mawili. Spidi ya kukata mita 25 kwa dakika. Basi 318 mara 25, gawa kwa 8, ni kama mizunguko 990. Mashine ya aina ya Bridgeport yenye kichwa cha mikanda ina spidi nane: 80, 135, 210, 325, 660, 1115, 1750 na 2720. Hakuna 990. Fundi mzoefu anaweza kwenda 1115, ambayo ni mita 28 kwa dakika. Kama shafti hujui imetoka wapi, chagua 660.

Sasa fidi. Kwa kisu chembamba kama hiki mpe kila jino milimita 0.03. Meno mawili, mizunguko 660: meza isogee karibu milimita 40 kwa dakika. Skrubu nyingi za meza za kimetriki husogeza milimita 5 kwa mzunguko mmoja wa gurudumu. Hiyo ni mizunguko minane kwa dakika, yaani kila mzunguko uchukue sekunde saba na nusu. Tundika saa ya ukutani mbele ya mashine, uzungushe gurudumu huku ukitazama mshale wa sekunde. Wengi wakifanya zoezi hili mara ya kwanza hugundua kwamba mkono wao ulikuwa unaenda nusu ya mwendo unaotakiwa, tena kwa kusimama na kuendelea. Ukipanda 1115, mzunguko mmoja ni sekunde nne na nusu.

Kina cha milimita 4 usikichukue mara moja. Endimili ya haispidi ikiwa imezama kwa upana wake wote, nusu ya kipenyo ndiyo mwisho wake, na mwisho si mahali pa kuanzia. Pitisha mara mbili, milimita 2 kila pito.

Kwa haispidi, mita kwa dakika za kuanzia ni hizi: chuma laini 25 hadi 30, kasti (chuma cha kumiminwa kwenye kalibu) 18 hadi 22, stenlesi 12 hadi 15, shaba ya njano 45 hadi 60, alumini 80 na kuendelea. Kisu cha kabaidi, kigumu kuliko haispidi, kwenye chuma laini huanzia 100.

Shida yetu ni kwamba chuma kingi tunachokata ni skrepa. Ekseli ya lori na springi ya gari havina cheti. Kabla ya kubana kipande, kipitishie tupa. Tupa ikila kirahisi, hicho ni chuma laini. Ikila kwa shida, anza na mita 12. Ikiteleza kama juu ya kioo, usikiguse kwa haispidi kabisa. Na bamba lililokatwa kwa gesi lina ukingo mgumu kuliko tumbo lake, kwa hiyo ukingo huo uondoe kwa jiwe la kusagia kwanza.

Makali yamekuwa bluu, au yamelika mapema

Tazama pembe za meno ya endimili. Zikiwa zimepoteza ncha, zimeviringika na zina rangi ya bluu au kahawia, spidi ilikuwa kubwa. Tazama pia vinyoleo, yaani vipande vya chuma vinavyonyolewa na kisu. Kwa haispidi kwenye chuma, kinyoleo kitoke cheupe au chenye unjano kidogo. Kikitoka bluu, joto linalokipaka rangi liko pia kwenye makali, na haispidi hulegea joto likipita nyuzi 600 hivi. Kwa kabaidi ni tofauti: kinyoleo cha bluu ni cha kawaida, joto linaondoka nacho.

Usidhani kuongeza spidi kidogo ni jambo dogo. Mmarekani Frederick Taylor, ambaye pamoja na Maunsel White alileta haispidi duniani mwishoni mwa karne ya 19, alitumia miaka 26 kukata chuma kwa majaribio, na mwaka 1906 akaonyesha kwamba uhai wa makali huporomoka upesi sana spidi ikipanda. Kwa haispidi, ongeza spidi kwa asilimia 20 tu na kisu kitaishi karibu robo ya muda wake. Ndiyo maana, nikiwa kati ya spidi mbili za mashine na chuma sikijui, nachukua ya chini. Kushusha spidi kunakugharimu dakika. Kupandisha kunakugharimu kisu.

Makali yakifa ilhali spidi ni sahihi, angalia kipozeo. Maji meupe ya mafuta yafike kwenye makali yenyewe, si kumwagika pembeni. Yakifika mahali pake na tatizo likabaki, soma dalili inayofuata.

Kisu kinalia sauti nyembamba, na kinachotoka ni unga

Hii ndiyo dalili inayotibiwa vibaya kuliko zote. Kilio chembamba pamoja na vumbi la chuma maana yake jino halikati, linasugua. Hata kisu kipya hakina ncha ya unene sifuri. Ukilipa jino chakula chembamba kuliko uviringe wa ncha yake, linateleza juu, linachemka, kisha linauma ghafla. Dawa ni kushusha spidi ngazi moja na kuongeza fidi. Najua mkono unakataa. Uamrishe.

Kuna mtego hapa hata kwa wenye uzoefu. Ukikata ubavu kwa endimili ya milimita 10 na unachukua milimita 1 tu pembeni, kinyoleo kinakuwa chembamba kuliko fidi uliyohesabu, kama asilimia 60 yake. Ulidhani jino linakula 0.05, kumbe linakula 0.03. Kwa pito la namna hiyo ongeza fidi bila woga.

Stenlesi haisamehi kosa hili. Nikiwa bado mwanafunzi wa kazi nilipewa bamba la stenlesi la kutengenezea flanji ya tangi. Katikati ya pito nikasimamisha meza nipime, spindeli ikiendelea kuzunguka kisu kikiwa kimegusa chuma. Nilipoanza tena, kisu hakikuingia. Pale kiliposimama palikuwa na alama inayong'aa, laini kabisa, na endimili ikapita juu yake ikilia bila kuacha mkwaruzo. Nikajaribu drili, nayo ikateleza. Stenlesi ikisuguliwa ngozi yake hukaza, na ngozi hiyo haitoki kwa kubembelezwa. Mzee aliyekuwa akinifundisha alinifungia endimili mpya, akashusha spidi hadi mita 12, akazamisha kisu nusu milimita chini ya ngozi ile, akamimina mafuta, akazungusha gurudumu kwa mwendo mmoja bila kusita mpaka upande wa pili. Kwenye stenlesi, ukianza usisimame. Ukilazimika kusimama, ondoa kisu kwanza.

Endimili imevunjika

Kabla ya kulaumu chuma, okota vipande. Mahali palipovunjika panakwambia sababu.

Ikiwa pembe za meno tu zimemeguka, jino lilipewa mzigo mkubwa ghafla. Pengine fidi ilikuwa kubwa, pengine kisu kiliingia kwenye ukingo mgumu, pengine meza iliruka, na hilo la mwisho ni kubwa kiasi kwamba nimelitengea sehemu yake hapa chini.

Ikiwa imekatika katikati ya mifereji na mifereji imejaa chuma, vinyoleo vilikosa njia. Hutokea sana kwenye mfereji wa kabari na kwenye alumini. Meno manne ndani ya mfereji hayana nafasi, tumia mawili. Puliza au mwagia maji yasukume vinyoleo nje, na usiviondoe kwa kidole wala kitambaa spindeli ikizunguka. Glavu pia vua. Kisu kikikamata glavu, mkono unafuata.

Ikiwa imekatika shingoni, karibu na koleti, ilipinda mno. Hapa urefu una nguvu kuliko watu wanavyofikiri: kisu kikitokeza nje ya koleti mara mbili, kwa nguvu ileile kinapinda mara nane. Unene nao unasaidia hata zaidi. Endimili ya milimita 12 ni ngumu zaidi ya mara mbili kuliko ya 10. Kwa hiyo kabla ya kugusa fidi, rudisha kisu ndani ya koleti hadi kitokeze kile tu kinachohitajika, na kama mchoro unaruhusu, chukua kisu kinene.

Meza inaruka, kisu kinanyakua

Mashine nyingi za mkono tulizo nazo zimetumika miaka mingi, na skrubu za meza zina plei, yaani ulegevu. Pima yako. Zungusha gurudumu upande mmoja hadi meza isogee, weka pete ya namba kwenye sifuri, rudisha polepole huku dayogeji (saa ya kupimia mwendo mdogo) ikiegemea meza, na usome namba pale sindano inapoanza kutembea. Ukikuta nusu milimita, jua hivi: kisu kikikata kwa kuzunguka kuelekea upande uleule meza inakoelekea, meno yanaivuta meza. Meza inaruka hiyo nusu milimita kwa mkupuo. Jino lililopangiwa 0.03 linapewa mlo wa zaidi ya mara kumi, na huo ndio mlio wa "tak" unaousikia kabla ya kuokota vipande.

Kata kinyume, meno yakisukuma dhidi ya mwendo wa meza. Funga loki za njia mbili usizozitumia, na vibapa vinavyobana njia ya meza vikazwe hadi gurudumu liwe zito kidogo. Kukata kwa kufuata kunaacha uso mzuri, nami hukutumia kwa pito la mwisho la milimita 0.1 au 0.2, loki ya meza nikiwa nimeikaza nusu ili ishike breki. Zaidi ya hapo, kwa skrubu ya kawaida, sikushauri.

Mtetemo

Sauti ya mtetemo ni nene, inanguruma, inasikika hata nje ya karakana, na uso unabaki na mawimbi. Watu wengi hupunguza fidi. Mara nyingi mtetemo huongezeka, kwa sababu kinyoleo chembamba hakilikalishi jino ndani ya chuma, linadunda.

Fuata mpangilio huu, ukibadili kitu kimoja kwa wakati mmoja. Rudisha kwili (bomba la spindeli linaloshuka) juu na upandishe goti linalobeba meza badala yake, kisha funga loki zote. Fupisha kisu. Angalia kipande kimekaaje: vaisi inashika milimita ngapi, na chini pako wazi? Bamba jembamba lililosimama juu ya vaisi ni ngoma, na hakuna spidi itakayolinyamazisha. Baada ya hapo shusha spidi kwa ngazi moja na fidi iache ilivyo. Maana yake kila jino sasa linakula zaidi. Kina ndicho cha mwisho, ukipunguze kwa theluthi. Ukianza na kina unaweza kupata kimya, lakini hutajua ugonjwa ulikuwa wapi, na kesho utarudi.

Uso una mistari inayojirudia

Pima umbali kati ya mistari. Ukilingana na mwendo wa meza kwa mzunguko mmoja wa spindeli, jino moja tu ndilo linalofanya kazi. Zima mashine, weka dayogeji kwenye meno, zungusha spindeli kwa mkono. Kisu kikiyumba milimita 0.05 wakati kila jino limepewa 0.03, jino moja linabeba yote na mwenzake anapita hewani. Safisha koleti na tundu lake. Chembe moja ya chuma inatosha kuleta hilo. Kisu kilichonolewa kwa mkono kwenye jiwe karibu kila mara kina ugonjwa huu, na kitumike kwa kukwangua tu, si kumalizia.

Kwenye alumini, uso uliochanika na kupakazika maana yake chuma kimejiganda kwenye makali. Ongeza spidi, kisha paka mafuta ya taa kwa brashi, kidogo kidogo, mbali na cheche yoyote.

Kwenye kasti ni kinyume: ikatwe kavu. Lakini pito la kwanza lazima lizame chini ya ngozi, milimita 1.5 au 2, maana ngozi ile ina mchanga wa kalibu. Ukiikwangua kwa nusu milimita unakinoa kisu upande usiotakiwa.

Kina kinaongezeka chenyewe

Unaanza mfereji ukiwa milimita 4, unamaliza ukiwa 4.6, na goti halijaguswa. Mizunguko ya mifereji ya endimili inaivuta chini, nayo inateleza kwenye koleti. Futa mafuta kwenye shingo ya kisu na ndani ya koleti, kaza boliti ndefu ya juu vizuri, na uondoe spana kabla ya kuwasha. Kama umefunga endimili kwenye chaki (kishikio) ya drili, sababu ni hiyo. Chaki ile haikuumbwa kushika mzigo wa ubavuni.

Mfereji ukitoka mpana kuliko kisu, na kuta zikiegemea upande mmoja, kisu kinapinda kwa sababu ukuta mmoja unakatwa kwa kufuata na mwingine kinyume. Pitisha kwanza endimili ya milimita 6 katikati, kisha malizia kila ukuta peke yake.

Mota inashuka

Kisu cha uso cha kabaidi, kipenyo 63, meno matano, chuma laini. Kwa 660 uko mita 130 kwa dakika, vizuri. Mpe jino 0.1, meza ni milimita 330 kwa dakika. Upana wa kipande 50, kina 1. Unaondoa sentimita 16.5 za ujazo kila dakika. Kilowati moja kwenye spindeli huondoa takriban 20 za chuma laini kwa dakika, kwa hiyo hapa unahitaji zaidi ya kilowati 0.8. Mota ya nguvu-farasi moja ni kilowati 0.75 kabla mikanda haijala sehemu yake. Sauti inashuka, mkanda unanuka, na fundi anashika gurudumu kupunguza fidi.

Iache fidi. Punguza kina hadi nusu milimita, pitisha mara mbili. Na kama mota inanguruma na kupata moto hata kisu kikiwa hewani, zima mara moja ukapime fezi tatu (nyaya tatu za umeme) kwenye swichi. Moja ikikatika, hakuna spidi, fidi wala kina kitakachokuokoa na mota iliyoungua.